Plumpy Imeenda Wapi?

Juma hili hatuanzi na matangazo. Tunaanza na kituo kimoja cha afya pembeni ya mji wetu wa Butembo, asubuhi moja katikati ya mwaka 2025.

Ilikuwa siku ya watoto wenye utapiamlo. Wamama walipanga foleni kama kawaida, mtoto mgongoni na kadi mkononi. Muuguzi alifanya kazi yake: akazungusha utepe wa rangi tatu kwenye mkono wa kila mtoto, akapima kilo, akaandika. Kisha, badala ya kutoa pakiti za Plumpy'Nut za juma zima, akarudisha kadi peke yake.

«Mama muuguzi, plumpy iko wapi?»

«Haiko. Haijafika.»

«Itafika lini?»

«Sijui, mama.»

Hayo tu. Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika sokoni: muuguzi ameuzisha chakula cha watoto. Tuseme ukweli, habari ile haikukosa pa kusimama. Wengi wetu tumewahi kuona pakiti zile zikiuzwa mezani pamoja na biskuti na sabuni. Kwa hiyo hakuna aliyeuliza mara mbili.

Muuguzi yule ni mwenzetu, yuko katika likelemba ya kikundi chetu kimoja. Kwa majuma mawili alizunguka njia ya nyuma ili asipite sokoni. Lakini hasara haikuishia kwake. Makartoni machache yalipofika baadaye, wamama kadhaa hawakurudi. Walikuwa wameapa kutokanyaga tena pale. Mtoto wa mmoja wao aliletwa baada ya mwezi, miguu imevimba, nywele zimebadilika rangi, akakimbizwa hospitali kuu. Alipona, Mungu asifiwe. Mama yake ndiye aliyetuambia neno lililotufanya tuandike makala haya: «Mtu mmoja tu angeniambia kwamba pesa zimekatwa huko mbali, ningekuja kila Jumanne kuangalia.»

Pesa zilikatwa kweli. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Rais Donald Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nchi za nje kwa siku 90 ili ichunguzwe. Miradi mingi haikufunguliwa tena, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID, lililoundwa mwaka 1961, lilifunga kazi zake. Kwa nchi yetu pigo lilikuwa zito, maana Marekani ndiyo iliyokuwa ikitoa pesa nyingi kuliko nchi nyingine yoyote kwa misaada ya dharura ya Kongo. Pakiti moja ya plumpy inapita mikono mingi: walipa kodi wa nchi fulani, serikali yao, shirika la Umoja wa Mataifa, ONG, zoni ya afya, depo, moto inayopanda barabara ya udongo, mpaka kwa muuguzi. Mnyororo ukikatika huko juu, anayeonekana ni yule wa mwisho. Yeye ndiye anayetukanwa.

Je, hakuna watu wenye kazi ya kueleza mambo haya? Wako. Kila ONG kubwa ina mtu wa mawasiliano. Tunawajua: kizibao chenye mifuko mingi, kamera shingoni, bango lenye alama ya mfadhili. Wanakuja siku ya kugawa, wanapiga picha, wanapanda gari. Picha zinaenda kwa wafadhili. Sisi tunabaki na bango, ambalo, tukiri, ni turubai nzuri sana ya kuanikia maharage.

Hatuwasemi vibaya wote. Wengine ni dada zetu na watoto wetu, na ndio waliotufungulia mlango. Komite yetu ilipopeleka kilio cha kituo kile, tulijibiwa kwamba kuna mafunzo ya siku tatu yanaandaliwa kwa watu wanaosema na umma juu ya misaada. Tuliomba viti tisa, tukapewa. Tulikaa pamoja na watangazaji wa redio za hapa, wale wahamasishaji wa vituo vya afya tunaowaita reko, na wafanyakazi wa mawasiliano wa mashirika manne.

Mkufunzi alikuwa mama aliyefanya kazi ya kuhamasisha wakati wa Ebola. Hakuandika kitu ubaoni. Aliuliza: «Gari la kwanza la Riposte lilipofika kwenye avenyu yenu, mlikuwa mmeambiwa nini?» Chumba kilinyamaza, kisha kila mtu akasema kwa wakati mmoja.

Hatuhitaji kuwasimulia ninyi Ebola, lakini hesabu yake inafaa ikumbukwe. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 baada ya wagonjwa wa Mangina, ikatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua na 2,287 walifariki. Zaidi ya nusu ya waliougua walikuwa wanawake na wasichana, maana ni sisi tunaouguza na kuosha maiti. Chanjo ilikuja mapema, mwezi uleule wa Agosti. Magari yalikuwa mengi kuliko tuliyowahi kuona. Lakini ndani ya nyumba zetu kulikuwa na maswali ambayo hakuna aliyekuwa ametumwa kuyajibu. Watu wa Beni wanauawa tangu Oktoba 2014. Mbona kwa hao magari hayakuja? Pesa hizi zote ni za nani, na zinaingia mfuko gani? Kisha kura za Desemba 2018 zikaahirishwa kwetu na kwa Beni, Ebola ikiwa moja ya sababu zilizotajwa, na rais mpya akaapishwa bila sisi kupiga kura. Baada ya hapo, ukisimama na kipaza sauti kumwambia mtu «nawa mikono», anakusikia vipi?

Mkufunzi alitusomea uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo mnamo Septemba 2018 na kuchapishwa mwaka uliofuata katika jarida la madaktari, The Lancet Infectious Diseases. Watu wazima 961 waliulizwa. Zaidi ya robo walisema Ebola haiko. Na wale wasioamini ndio waliokuwa wazito kukubali chanjo na kwenda kutibiwa. Kijana mmoja wa ONG alicheka kidogo. Mama mkufunzi akamwangalia: «Unacheka nani? Hao walikuwa wanatafuta maelezo. Tulipowanyima, walijitengenezea yao.»

Akatoa mfano unaotugusa sisi wamama. Mwanzoni chanjo haikutolewa kwa wajawazito na wanaonyonyesha. Ilikuwa tahadhari ya wataalamu, maana usalama wake kwa mama na mtoto ulikuwa bado haujulikani vizuri. Mlango ulifunguliwa baadaye, mwaka 2019. Lakini kwenye foleni mama alikuwa anaambiwa tu: «Wewe hapana, ondoka.» Mume anachanjwa, mtoto mkubwa anachanjwa, mwenye mimba anarudishwa nyumbani kwenye hatari ileile. Mtu afikiri nini? Wengine walisema chanjo inaua mimba. Wengine walisema mama amehukumiwa kufa. Maneno mawili ya kueleza sababu yangepunguza uvumi wote huo, lakini ni kweli pia kwamba yule aliyesimama kwenye foleni naye hakuwa ameambiwa sababu.

Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na vya hapa mjini vilishambuliwa na kutiwa moto. Aprili, daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun aliuawa hapa Butembo. Sisi hatusemi kwamba maelezo mazuri yangezuia risasi. Wenye silaha wana sababu zao. Tunasema tu kwamba siku zile watu wengi wasio na silaha walitazama bila huruma, na hilo lilitoka mahali fulani.

Yako pia mambo yaliyofanyika vizuri, na hayo ndiyo yaliyojaza siku ya pili. Watu walipolalamika kwamba hawajui ni nani aliye ndani ya mfuko wa maiti, wengine wakisema viungo vimeibiwa, Msalaba Mwekundu haukujibu kwa tangazo la redio. Wajitolea wao waliandika malalamiko, wakayapeleka juu, na ikaletwa mifuko yenye sehemu inayopitisha mwanga ili familia ione uso wa mtu wao. Beni, shirika la ALIMA lilitumia vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, vinavyoitwa CUBE, ili mama amwone mtoto wake mgonjwa na kusema naye kutoka nje. Na wanawake waliokuwa wamepona Ebola walibeba watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani wanatibiwa, kwa sababu mwili wao ulikuwa umepata kinga. Mama aliyepona, akitoka pale na kurudi kwenye avenyu yake, aliaminiwa kuliko mabango mia. Hakuna hata moja ya haya lililoanza na mtu wa mawasiliano kusema. Yalianza na mtu aliyesikiliza, akaandika alichosikia bila kukirekebisha.

Baada ya hapo tulipelekwa sokoni. Zoezi lilikuwa hili: mweleze muuza mboga kwa nini familia iliyokimbia vita kusini mwa Lubero imepewa msaada, na yeye aliyeipokea nyumbani kwake hakupewa kitu. Mnajua swali hili. Liko katika nyumba zetu nyingi, watu kumi na wawili wanalala palipokuwa watano, na unga ni uleule.

Mfanyakazi mmoja wa mawasiliano alianza vizuri, kisha akateleza. Alisema wanaangalia «vulnérabilité» ya kila «ménage». Mama muuza mboga akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza: «Mwanangu, hao vulnérables ni kabila gani?»

Tulicheka hadi machozi, naye akacheka. Lakini muuza mboga hakuwa anatania sana. Kwetu orodha ambayo haielezwi inasomwa kama orodha ya kabila, au ya ndugu wa shefu, au ya wapenzi wa mwandikaji. Mwenzetu mmoja akajaribu. Alikaa kwenye ndoo karibu na mboga, hakusimama. Alisema: «Mama, pesa zilizoletwa ni kidogo kuliko nyumba zenye shida. Wameanza na waliokimbia bila kubeba kitu, na kati yao wameanza na wenye mimba, watoto wadogo na wazee. Kwamba wewe umewapokea, hilo halijahesabiwa, na sisi tunaona ni kosa. Tumewaambia. Wakijibu nitapita hapa Ijumaa kukuambia, hata kama jibu ni hapana.»

Muuza mboga alisema: «Basi Ijumaa.» Hakufurahi. Ila alimpa kabichi kwa bei ya chini.

Tulikaa juu ya maneno yale kwa saa nzima. Kilichomshika mkufunzi zaidi ni lile neno la Ijumaa. Alituomba turudi kwa muuguzi wetu na «sijui» yake. Kusema hujui si dhambi. Muuguzi yule alisema kweli. Lakini «sijui» iliyoachwa hapo inamwacha mama peke yake barabarani na mtoto mgongoni. «Sijui, nitauliza, rudi Alhamisi» ni neno lingine kabisa. Na Alhamisi ikifika bila jibu, lazima mtu awepo mlangoni aseme jibu halijaja. Wafanyakazi wa mashirika walikiri kwamba hapo ndipo wanapolemewa, maana wakuu wao hawapendi waseme lolote kabla ya karatasi kutoka Kinshasa au Ulaya. Tukawajibu kwamba soko halingojei karatasi. Hatukuafikiana. Wao wana mikataba ya kazi ya kulinda, na hilo tunalielewa, ila hatutalisahau.

Siku ya tatu ilikuwa nzito. Wengine walitaka kuiruka.

Mnamo Septemba 2020 wanahabari wa The New Humanitarian na wa Thomson Reuters Foundation walichapisha ushuhuda wa wanawake zaidi ya 50 wa Beni, waliosema wanaume waliojitambulisha kama watu wa Riposte waliwadai miili yao ili wapate kazi au wasifukuzwe kazi. Kufua nguo, kupika, kufagia: kazi za siku, za dola chache. OMS iliunda tume huru. Wenyeviti wake wawili walikuwa wanawake, Aïchatou Mindaoudou wa Niger na Julienne Lusenge wetu, aliyeanza kama mwanahabari wa redio Bunia na kuanzisha SOFEPADI mwaka 2000. Ripoti ilitoka tarehe 28 Septemba 2021: washukiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS.

Kwa nini tunalileta katika makala ya mawasiliano? Kwa sababu wengi wa wanawake wale hawakuwa wamepeleka neno popote. Redio zilisema juu ya kunawa mikono mara mia kwa siku. Ni mara ngapi zilisema kwamba kazi haiombwi kwa mwili, kwamba msaada haulipiwi, na kwamba mtu akikudai uende mahali fulani? Mtu akifundishwa kutangaza msaada bila kutangaza mlango wa kulalamika, amefundishwa nusu ya kazi. Mama mmoja katika kundi letu aliinua mkono akazungumzia sanduku la maoni. Karibu kila mradi unalo, limepigwa misumari ukutani. «Mimi sijui kuandika,» alisema. «Na ufunguo wa sanduku anao yuleyule ninayetaka kumsema.» Mkufunzi alimwomba arudie, polepole, na kila mtu aandike.

Watangazaji wa redio nao walikuwa na lao. Hapa nchini mwanahabari anayeitwa kwenye sherehe ya kukabidhi msaada mara nyingi anapewa bahasha, ile wanayoiita «coupage», kwa sababu redio yake inamlipa kidogo au haimlipi kabisa. Baada ya bahasha, habari inakuwa sifa: shefu ameshukuru, mfadhili ameshukuriwa, watoto wameimba. Kwamba nusu ya magunia yamelowa, hilo halisemwi. Dada mmoja mtangazaji alisema wazi kwamba amewahi kuipokea, na kwamba kodi ya nyumba ilimngoja. Hatukumhukumu. Tulimwomba tu atupe dakika kumi kila juma za kusoma maswali ya wamama kama yalivyo, na mtu wa shirika aje kujibu. Amekubali. Mkuu wake wa redio bado anafikiri.

Jambo moja la afya tulisahihishiwa pale, nasi tunalipitisha. Plumpy si biskuti. Ni siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini, na pakiti moja ya gramu 92 ina nguvu ya kalori 500. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, utepe ukionyesha nyekundu, yaani mkono chini ya milimita 115, ni dawa yake yeye. Ukiwagawia watoto wote watano, unamnyima mgonjwa. Wengi wetu tuligawa. Hakuna aliyetuambia sababu ya kutogawa; tuliambiwa tu «msigawe», nasi tukaona ni ubahili wa wazungu.

Tangu tutoke mafunzoni, wamama tisa wamegawana vituo vitatu. Kazi yao si kusifu shirika lolote wala kulipiga vita. Kila Alhamisi wanapita zoni ya afya kuuliza kilichofika, kilichochelewa na sababu yake, kisha wanakisema kituoni, kanisani na kwenye likelemba, kwa Kiswahili na kwa Kinande. Malalamiko wanayabeba kichwani kwa wasiojua kuandika. Yanayohusu madai ya mwili yanapelekwa kwa wamama wawili tu wa komite, na hayasomwi mbele ya kikao. Juma moja walirudishwa mlangoni wakaambiwa hawana barua. Juma lililofuata walikwenda na barua.

Kwenye kituo kile cha mwanzo sasa kuna ubao mweusi karibu na mlango, zawadi ya fundi wa mbao aliye mume wa mwanachama. Jumanne iliyopita ulikuwa umeandikwa hivi: «Plumpy: makartoni 3. Yanatosha juma hili na lijalo. Baada ya hapo hatujui. Ulizeni Alhamisi.» Mama mmoja alisomewa na binti yake wa darasa la tatu. Akamgeukia muuguzi.

«Kwa nini hamjui?»

Muuguzi aliweka utepe chini, akamsogezea benchi, akaanza kumweleza.